Kuzuru Kasri la Kabaka: Kwa Nini Mgeni wa Nairobi Aanzie Barabarani

Watu wa Nairobi wanaoniomba ushauri kabla ya kupanda basi la usiku kwenda Kampala huniuliza karibu swali lilelile: kasri la Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, liko wapi, na je, mgeni huruhusiwa kuingia ndani? Jibu fupi ni kwamba liko juu ya kilima cha Mengo, ndani ya ua mkubwa uitwao Lubiri, na kwamba jumba lenyewe, Twekobe, hutazamwa kutoka nje tu. Wengi wakisikia hivyo huvunjika moyo na kuona afadhali siku hiyo waimalizie sokoni Owino. Mimi kazi yangu ni kuhifadhi majengo ya kale, na naona anayeondoka Mengo akilalamika kwamba hakuona kitu huwa ametafuta jumba mahali ambapo jumba si hoja kubwa. Katika Buganda kasri ni mpangilio wa kilima, ua, barabara na koo zenye kazi zake. Nyumba anamolala mfalme ni sehemu moja ya mpangilio huo, tena ile iliyokuwa rahisi kuliko zote kubomolewa na kujengwa upya.

Sisi tuna sababu ya kulikosa jambo hili. Nairobi ilizaliwa na reli mwaka 1899, haikuwahi kuwa na mfalme, na Ikulu yetu ilijengwa mwaka 1907 ili iwe makazi ya gavana wa Kiingereza. Kwa hiyo jicho letu limezoea mawe, nguzo, lango la chuma na askari, na tusipoviona tunadhani kwamba ukuu umepungua. Kabla ya mwisho wa karne ya 19, mji mkuu wa Buganda ulihamishwa kutoka kilima hadi kilima. Kabaka mpya alichagua kilima chake, na huenda katika utawala mmoja akahama zaidi ya mara moja. Nyumba za nyasi na matete ziliachwa nyuma, na kule walikohamia mji ulijengwa upya kwa ramani ileile. Msafiri H. M. Stanley alipofika mwaka 1875 alimkuta Kabaka Mutesa I akiwa Rubaga, katika mji wenye barabara pana zilizonyooka, na machifu wa majimbo wamepangwa kuzunguka ua wa mfalme kila mmoja upande wake. Mwanga II, aliyerithi kiti mwaka 1884, alihamia Mengo mwaka uliofuata. Mengo haijahamishwa tangu hapo, na kwa maoni yangu sababu kubwa ni Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, ambao uliigawa ardhi kwa maili za mraba na kumpa Kabaka na machifu wake hati za kumiliki. Ardhi ikishapimwa na kuandikiwa jina la mwenyewe, mji hauwezi tena kuhama kwa amri ya mtu mmoja.

Ndiyo maana namshauri mgeni asishukie kwenye lango la Lubiri. Mwambie wa bodaboda akuteremshe Bulange, jengo la miaka ya 1950 ambamo hukutana Lukiiko, baraza la Buganda, kisha utembee kwa miguu. Kati ya Bulange na Lubiri kuna barabara iitwayo Kabaka Anjagala, iliyonyooka kama rula kwa karibu maili moja, ikishuka na kupanda ili milango miwili, wa baraza na wa mfalme, itazamane kutoka kilima kimoja hadi kingine. Pembeni mwa barabara zimesimamishwa sanamu za alama za koo: simba, chui, mbega, kamongo, senene, hata uyoga. Hesabu ya mapokeo ni koo 52. Usizipite haraka, kwa sababu ndizo ufunguo wa kila utakachokiona baadaye. Ukoo wa mbega, kwa mfano, utakutana nao tena juu ya paa huko Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme.

Katikati ya barabara hiyo kuna mzunguko wa magari uitwao Nantawetwa. Magari yote huuzunguka, kama ilivyo kwa mizunguko yetu ya Uhuru Highway, lakini katikati ya kisiwa chake pameachwa njia iliyonyooka yenye kizuizi. Njia hiyo hufunguliwa kwa Kabaka peke yake, kwa sababu mfalme akiwa safarini kuelekea barazani hapindi kona. Mimi sijaona mahali pengine katika Afrika Mashariki ambapo itikadi nzima ya utawala imeandikwa kwa lami na kipande cha chuma. Simama pale dakika chache uangalie matatu na bodaboda zikizunguka nafasi ambayo hakuna anayethubutu kuikata.

Ukifika Lubiri utaliona lango kuu, Wankaaki, na ukuta wa matofali uliochukua nafasi ya ua wa matete wa zamani. Twekobe ya sasa ilijengwa mwaka 1922, zama za Kabaka Daudi Chwa II, na mtindo wake ni wa kikoloni kiasi kwamba peke yake haisemi mengi. Habari nzito iko uwanjani. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia Lubiri. Kabaka Mutesa II, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa amefanywa rais wa kwanza wa Uganda, aliruka ukuta katikati ya mvua kubwa, akapata teksi barabarani, akapitia Burundi hadi Uingereza, na akafia London mwaka 1969. Katiba ya mwaka 1967 ilifuta falme zote, na kasri likawa kambi ya jeshi kwa zaidi ya robo karne, hadi ufalme uliporejeshwa mwaka 1993 na Ronald Muwenda Mutebi II akatawazwa huko Naggalabi, Buddo.

Upande wa mteremko, mwongozaji atakupeleka kwenye handaki la zege ambalo lilikusudiwa kuwa ghala la silaha na likageuzwa kuwa gereza wakati wa Amin. Ni ushoroba mmoja mrefu wenye vyumba vilivyofuatana upande mmoja, bila madirisha. Sakafu ya ushoroba iko chini kuliko ya vyumba, nayo ilijazwa maji yaliyotiwa umeme, hivi kwamba aliyejaribu kutoka alikufa mlangoni. Kwenye kuta kuna alama za viganja na maandishi. Msikilize mwongozaji kwa makini, ila idadi ya waliokufa anayoitaja uichukue kama masimulizi ya kutia uzito, kwa kuwa kambi ya namna ile haikuweka daftari la kuaminika. Ninachokitazama mimi kama mhifadhi ni uamuzi wa kuliacha handaki lilivyo, bila rangi wala vioo wala taa za maonyesho. Naukubali uamuzi huo, ingawa maji yanayopenya yatadai siku moja kwamba mtu achague kati ya kutengeneza na kupoteza.

Rafiki zangu wa mipango miji, wakiiona Lubiri kwenye picha za angani, hushangaa eneo kubwa la kijani katikati ya jiji lililojaa, na wazo la kwanza linalowajia ni bustani ya umma. Nawaelewa. Nairobi imejifunza kwa jasho kwamba nafasi isiyo na mtetezi humegwa: Profesa Wangari Maathai ndiye aliyeongoza upinzani mwaka 1989 dhidi ya jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na miaka 10 baadaye akaongoza mwingine wa kuunusuru msitu wa Karura. Lakini Lubiri haifanani na Uhuru Park. Watu huingia kwa shughuli za ufalme, na mbio za kuadhimisha siku ya kuzaliwa kwa Kabaka hujaza uwanja huo umati wa watu. Siku nyingine nyasi hubaki kimya ndani ya ukuta, na utupu huo una maana yake, kwa kuwa ua wa mfalme ulihitaji nafasi ya kukusanyia watu wake. Anayetaka mahali pa kukaa na kupumua upepo aende ziwani.

Ziwa la Kabaka liko umbali mfupi kutoka Mengo, nalo lilichimbwa kwa mikono kwa amri ya Mwanga II katika miaka ya 1880, kwa nia ya kuchimba hadi mji mkuu uungane na Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nnalubaale. Machifu nao walilazimishwa kubeba udongo pamoja na raia, jambo lililowaudhi sana, na uchungu huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomfanya apinduliwe mwaka 1888. Mfereji haukukamilika. Maji yamebaki, pamoja na ndege weupe juu ya miti.

Kasubi inahitaji nusu siku nzima. Kilima hiki kiko kaskazini-magharibi mwa katikati ya jiji, na mwaka 1882 Mutesa I alijenga hapo kasri lake. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo humo, na kasri likageuka makaburi ya kifalme. Zamani kila Kabaka alikuwa na kaburi lake mahali pake. Hapa wanalala wanne chini ya paa moja: Mutesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II, na Mutesa II, ambaye mwili wake ulirejeshwa kutoka Uingereza mwaka 1971. UNESCO iliingiza Kasubi katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza nyumba kuu, na mwaka huohuo mahali hapo pakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Pakaondolewa mwaka 2023, baada ya ujenzi uliochukua zaidi ya miaka 10.

Watu huuliza kwa nini nyumba ya nyasi ichukue muda huo wote. Nyumba yenyewe, Muzibu-Azaala-Mpanga, ina kipenyo cha kama mita 31, na paa lake hushuka hadi karibu kugusa ardhi. Ukiinama mlangoni na kuinua macho, utaona pete kubwa zilizosukwa kwa matete, moja ndani ya nyingine kuelekea kileleni. Ni 52, kila moja kwa ukoo wake. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, yaani wale wa mbega, na mapambo ya pete ni ya ukoo wa Ngo, yaani wa chui. Kitambaa cha gome la mti wa mutuba, kinachotenganisha wageni na msitu mtakatifu wa nyuma ambako wafalme wanasemwa wamekwenda, ni ufundi wa kale wa ukoo wa Ngonge, wa fisimaji. Gome huvunwa msimu wa mvua na kutwangwa kwa nyundo za mbao kwa saa nyingi mpaka lilainike na kushika rangi ya udongo mwekundu. Huwezi kutangaza zabuni ya kazi kama hii na kumpa mkandarasi wa bei nafuu, kwa kuwa mwenye haki ya kuifanya alizaliwa nayo, na miiko ya kila hatua ni sehemu ya jengo. Pia nyumba iliyoungua haikuwa ya nyasi na mbao tupu: matengenezo ya mwaka 1938 yalikuwa yameingiza nguzo za chuma na zege, kwa hiyo wajenzi wapya walilazimika kwanza kuamua wanarudisha jengo la mwaka gani. Serikali ya Japan ilichangia kupitia UNESCO, hasa katika kinga ya moto, jambo ambalo mwenye nyumba yoyote ya makuti kule kwetu pwani angelitazama kwa wivu.

Ingia Kasubi kwa mpangilio wake. Kwanza ni Bujjabukula, nyumba ya walinzi langoni. Kisha nyumba ya ngoma, Ndoga-Obukaba. Kisha ua wa matete unaozunguka uwanja mkuu, pamoja na nyumba za wanawake wanaoshika nafasi ya wajane wa wafalme na kulitunza kaburi kwa zamu. Hapo utatambua kwamba barabara, lango, ua na koo ulizoziona Mengo zimerudiwa hapa kwa kipimo kidogo na kwa vifaa vya zamani. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba Mengo itangulie na Kasubi ifuate. Anayefanya kinyume huishia kuiona Mengo kama nakala iliyoharibika.

Juu ya adabu, mambo ni machache lakini yanazingatiwa. Viatu huvuliwa mlangoni. Mwanamke abebe leso ya kujifunga juu ya suruali, na mwanamume asiende na kaptura. Ndani watu huketi chini, hawasimami wakipiga gumzo, na kabla ya kutoa simu kupiga picha omba ruhusa kila mahali upya, kwa maana ruhusa ya uwanjani si ruhusa ya ndani. Uliza pia mapema ni sehemu zipi zimefunguliwa siku hiyo, kwa sababu sherehe za ufalme hufunga milango bila kumsubiri mgeni. Kiswahili nacho kitumie kwa hadhari: kwa wazee wengi wa Buganda kilikuwa lugha ya wanajeshi, na ndani ya Lubiri kumbukumbu hiyo haiko mbali. Anza kwa salamu ya Kiganda, hata ukiikosea, kisha endelea na Kiingereza. Mara nyingi mwenyeji mwenyewe ndiye atakayeingiza Kiswahili akishajua umetoka Nairobi.

Mwenye siku ya ziada aendelee na barabara ya Hoima kutoka Kasubi hadi Wamala, lilipo kaburi la Suuna II, babake Mutesa I. Wageni ni wachache, na mtunzaji huwa na nafasi ya kuzungumza. Mkenya huvuka Busia au Malaba kwa kitambulisho cha kitaifa, na malipo ya milangoni ni vyema yaandaliwe kwa noti za Uganda kabla ya kufika, hasa Wamala.