Miaka Iliyobaki Kwenye Mkataba: Maana Yake Katika Usajili

Kila dirisha la usajili, yaani kipindi cha klabu kununua na kuuza wachezaji, likifunguliwa, ubishi ni ule ule. Mmoja anataka straika auzwe kwa sababu msimu uliopita alikosa mabao ya wazi, mwingine anasema akiuzwa timu imekwisha. Huyu anataka kiungo fulani aletwe haraka, yule anauliza hela zitatoka wapi. Yanatajwa mabao, umri, majeraha, mshahara, hata tabia ya wakala. Kinachotajwa kwa nadra ni tarehe moja tu: siku ambayo mkataba wa mchezaji unakwisha. Mimi nashikilia kwamba tarehe hiyo inaeleza sehemu kubwa ya mambo yanayowashangaza mashabiki, kuanzia nyota anayeuzwa kwa bei ya kutupa mpaka mchezaji wa kawaida anayegharimu fedha za kutisha.

Miaka iliyobaki kwenye mkataba ni muda ulio kati ya leo na siku mchezaji atakapokuwa hana wajibu wowote tena kwa klabu yake. Ada ya uhamisho, ukiitazama vizuri, ni fidia ya muda huo. Klabu inayonunua inailipa klabu inayouza ili ikubali kumwachia mchezaji kabla ya siku yake kufika. Muda ukiwa mrefu, anayeuza ndiye mwenye nguvu. Ukipungua, nguvu inahamia kwa mchezaji na wakala wake. Ukiisha, hakuna cha kufidia, na mchezaji anaondoka huru.

Chukua mfano wa Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mwaka 2013 Southampton walimchukua kutoka Celtic kwa ada iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 12.5, wakampa mkataba wa miaka 4. Alikuwa kijana wa miaka 22 aliyetoka ligi ya Scotland, hajawahi kupimwa kwenye ligi ngumu zaidi. Miaka mitatu baadaye alikuwa ameshapimwa na kuonekana: kiungo mkabaji aliyekomaa, hajafika hata miaka 25, anaijua ligi vizuri. Kwa hesabu ya kawaida ya shabiki bei ilipaswa kupanda. Tottenham walimchukua mwaka 2016 kwa takribani pauni milioni 11. Mchezaji alikuwa bora zaidi na bei ikawa ndogo zaidi, kwa sababu mkataba wake ulikuwa umebakiza mwaka mmoja na hakuwa amesaini mwingine. Southampton walikuwa na njia mbili tu: wapokee kilicholetwa mezani, au wamtumie msimu mmoja zaidi kisha wamwone akiondoka bila wao kupata senti. Ukimsikia mtu anasema walizidiwa ujanja siku ya mauzo, mwambie aangalie nyuma. Walizidiwa siku walizoshindwa kumshawishi aongeze mkataba.

Sasa mtazame Alexander Isak. Majira ya joto ya 2025 alitaka kuondoka Newcastle kwenda Liverpool, na alilionyesha hilo waziwazi: hakusafiri na timu kwenye ziara ya maandalizi ya msimu, na ligi ilipoanza hakucheza. Mashabiki wengi walidhani klabu ikikorofishana na mchezaji kiasi hicho italazimika kushusha bei. Lakini mkataba wake ulikuwa unafika mpaka 2028. Newcastle waliikataa ofa ya kwanza ya Liverpool, pauni milioni 110, na walipokubali kumwachia siku ya mwisho ya dirisha, ada ilitajwa kuwa pauni milioni 125. Mchezaji aliyegoma aliweka rekodi ya usajili nchini Uingereza. Mgomo ulimfungulia mlango, ila bei ilishikiliwa na ile miaka mitatu.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Kwa miaka mingi, Ulaya, mkataba kuisha hakukumaanisha mchezaji yuko huru. Klabu yake ya zamani iliweza kuendelea kudai ada, na isipolipwa, ikamzuia asiende kokote. Aliyeligeuza jambo hili ni mchezaji ambaye pengine asingekumbukwa kwa soka lake, Mbelgiji Jean-Marc Bosman. Mkataba wake na RFC Liège uliisha mwaka 1990. Klabu ilimpa mkataba mpya wenye mshahara uliopunguzwa sana, naye akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa. Uhamisho ukakwama kwenye ada, na Bosman akaenda mahakamani. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba anaweza kuhamia klabu ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya bila klabu yake ya zamani kulipwa ada. Kesi ilikula miaka yake ya kucheza, na utajiri uliotokana na hukumu ile waliufaidi wengine. Kila mchezaji anayesaini leo kwa kitita kikubwa akiwa huru ana deni la heshima kwa mtu huyo.

Kabla ya hukumu hiyo, mkataba unaokaribia kuisha ulikuwa usumbufu wa ofisini. Baada yake ukawa silaha. Mwaka 2001 Sol Campbell alimaliza mkataba Tottenham, akavuka kwenda kwa mahasimu wao Arsenal bila ada yoyote. Nahodha, beki wa timu ya taifa, anahamia kwa jirani mnayechukiana naye, na ninyi hamna hata hela ya kutafuta mbadala wake. Msimu wake wa kwanza huko alitwaa ubingwa wa ligi.

Kuna mpaka mmoja ambao shabiki anapaswa kuujua kabla ya kuingia kwenye ubishi wowote wa mwezi Januari, nao ni miezi 6. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini makubaliano ya awali na klabu nyingine mkataba wake unapobakiza miezi 6 au pungufu. Kwa ligi zinazofunga msimu katikati ya mwaka, mikataba mingi huisha tarehe 30 Juni, kwa hiyo mlango unafunguka Mwaka Mpya. Robert Lewandowski alifanya hivyo Januari 2014: akasaini Bayern Munich huku akiwa bado mchezaji wa Borussia Dortmund, akamaliza msimu akiwafungia Dortmund mabao, kisha akaondoka bure. Nchi nyingine huweka masharti makali zaidi kwa uhamisho wa ndani. Uingereza, mchezaji wa aina hiyo anaweza kuzungumza na klabu za nje tangu Januari, lakini kwa klabu nyingine ya Uingereza inabidi asubiri mpaka msimu ukaribie kuisha.

Ndiyo maana dirisha la kati ya msimu lina mambo yanayoonekana kama kichaa. Alexis Sánchez ni ushahidi mzuri. Agosti 2017, akiwa na mwaka mmoja uliobaki Arsenal, Manchester City walikuwa tayari kutoa takribani pauni milioni 60. Dili lilikufa saa za mwisho kwa sababu Arsenal hawakumpata Thomas Lemar wa Monaco aje kuziba pengo. Januari 2018, mkataba ukiwa umebakiza miezi 6, Sánchez alikwenda Manchester United kwa kubadilishana na Henrikh Mkhitaryan, na hakuna ada iliyoingia Arsenal. Ni mchezaji yule yule, tofauti ni miezi mitano. Pauni milioni 60 ziliyeyuka bila yeye kuumia wala kuzeeka.

Mkasa wa Kylian Mbappé unaonyesha jambo jingine: klabu tajiri kupita kiasi nayo haina dawa ya kalenda. Mwaka 2023 alikataa kuongeza muda PSG, akiwa amebakiza msimu mmoja. PSG walimwacha nje ya kikosi cha ziara ya Asia na wakaikubali ofa ya Al-Hilal ya Saudi Arabia iliyotajwa kuwa euro milioni 300. Yeye hakutaka hata kukutana nao. Hapo ndipo wengi husahau kwamba uhamisho unahitaji ridhaa ya watu watatu: anayeuza, anayenunua na anayecheza. Ofa ya euro milioni 300 isiyo na saini ya mchezaji ni karatasi tu. Mwaka 2024 alijiunga na Real Madrid akiwa huru.

Neno bure nalo lisikudanganye. Klabu inayomchukua mchezaji huru inaokoa ada, lakini wakala wake anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko sisi. Sehemu kubwa ya hela iliyookolewa hurudi kama bonasi ya kusaini, mshahara mnono na malipo ya wakala. Kwa hiyo mtu akikwambia timu yenu ilizembea kutomchukua fulani wakati alikuwa bure, jibu linaweza kuwa kwamba mshahara aliotaka ungevuruga chumba kizima cha kubadilishia nguo.

Upande wa vitabu vya hesabu, miaka iliyobaki ina kazi nyingine ambayo haionekani uwanjani. Klabu ikimnunua mchezaji kwa milioni 60 na kumpa mkataba wa miaka 5, haiandiki gharama yote mwaka wa kwanza. Inaigawanya, milioni 12 kila mwaka. Baada ya miaka mitatu, mchezaji huyo anasomeka kwenye vitabu kwa thamani ya milioni 24. Akiuzwa kwa milioni 30, mashabiki wataona hasara ya nusu ya bei, lakini mhasibu ataandika faida ya milioni 6. Yote mawili ni kweli, kila moja kwa kipimo chake, na ubishi mwingi wa "tumepigwa" na "tumepata" unatokana na watu wanaotumia vipimo viwili bila kujua.

Chelsea waliisukuma hesabu hii mbali mno mwaka 2023 walipowasajili Mykhailo Mudryk na Enzo Fernández kwa mikataba ya miaka 8 na nusu. Kadiri mkataba unavyorefuka, ndivyo gharama ya kila mwaka inavyopungua. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, wakaweka kikomo mwaka huo huo: katika ukaguzi wao wa fedha za klabu, ada inagawanywa kwa miaka isiyozidi 5, hata mkataba ukiwa mrefu zaidi. Na mkataba mrefu una sumu yake. Mchezaji akiboronga, unabaki naye, mshahara unatembea, na hakuna klabu itakayokubali kuulipa. Wale mashabiki wanaodai kila kijana afungwe kwa miaka 7 hawajawahi kumtafutia mnunuzi mchezaji asiyetakiwa.

Kuna wakati miaka iliyobaki inakuwa mingi na bado haimlindi anayeuza. Hiyo hutokea mkataba ukiwa na kipengele cha kuvunja mkataba kwa kiasi kilichotajwa. Erling Haaland alikuwa na mkataba Dortmund mpaka 2024, lakini Manchester City walimchukua 2022 kwa kulipa kiasi cha kipengele chake, takribani euro milioni 60. Bila kipengele hicho bei ingekuwa nyingine kabisa. Neymar naye aliondoka Barcelona mwaka 2017 kwa njia hiyo hiyo, ila kwake kiasi kilikuwa euro milioni 222, na Barcelona hawakuwa na namna ya kukataa.

Klabu nazo zina kinga yao, na hii ndiyo ambayo mashabiki huisoma vibaya kuliko zote: haki ya kuongeza mwaka mmoja. Mikataba mingi huwa na kipengele kinachoiruhusu klabu kuurefusha mkataba kwa mwaka bila kumwomba mchezaji. Klabu ikikitumia, nusu ya mashabiki hulalamika kwamba inang'ang'ania wachezaji waliochoka. Desemba 2022 Manchester United walikitumia kwa wachezaji wanne kwa mpigo: Marcus Rashford, Luke Shaw, Diogo Dalot na Fred. Wote walikuwa wanamaliza mikataba Juni 2023, na Januari wangekuwa huru kusaini na klabu za nje. Mwaka ule mmoja uliipa klabu muda wa kukaa nao mezani. Shaw, Dalot na Rashford walisaini mikataba mipya ndani ya miezi iliyofuata. Fred hakupewa mkataba mpya. Agosti 2023 aliuzwa Fenerbahçe ya Uturuki kwa ada, takribani mwezi mmoja na nusu baada ya ile siku ambayo, kwa mkataba wake wa awali, angeondoka bila klabu kupata chochote.