Makao ya Watoto Yatima: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Kila mtoto anayelelewa makaoni amefiwa na wazazi wote wawili.

Ukweli: Wengi wana mzazi mmoja aliye hai, au bibi, au shangazi, na kilichowatenganisha ni ufukara, maradhi au ulemavu. Hata UNICEF humhesabu kuwa yatima mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja tu. Kuwatafuta ndugu, kwa kushirikiana na afisa ustawi wa jamii, ni kazi ya kuanza siku anapopokelewa.

Dhana: Mtoto akishiba, akavaa vizuri na kulala kwenye chandarua, afya yake imekamilika.

Ukweli: Nchini Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti jijini Bucharest waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa katika vituo vya malezi, nusu yao wakapelekwa kwa familia za malezi ya kambo. Waliopata familia waliwazidi wenzao kiakili, hasa waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtoto mchanga anayelishwa na mlezi wa zamu ya asubuhi, akabembelezwa na wa zamu ya usiku, hana mtu mmoja wa kumzoea. Ndiyo maana nasikitishwa na desturi ya kuwapokea wageni wa wiki mbili wanaowabeba watoto, wakazoeleka, kisha wakaondoka. Ni heri kila mlezi akabidhiwe watoto wachache wa kudumu.

Kadi ya kliniki nayo isisahaulike. Hapa Tanzania chanjo ya surua na rubela hutolewa katika miezi 9 na 18, na mtoto aliyeletwa bila kadi apelekwe kliniki mapema, kwani kurudia chanjo hiyo hakumdhuru.

Dhana: Maandalizi ya kujitegemea husubiri miaka 18.

Ukweli: Umri huo ndio mwisho wa utoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hivyo maandalizi yawe yamekwisha kufanyika. Kijana aliyepikiwa siku zote katika masufuria makubwa, asiyewahi kutumwa sokoni wala kuhesabu chenji, atahangaika katika chumba cha kupanga hata akiwa na ufundi mzuri wa useremala. Cheti cha kuzaliwa kishughulikiwe angali mdogo, kwa kuwa bila hicho kitambulisho cha taifa huwa kazi kukipata. Na likizo atembelee ndugu waliopatikana, ili siku ya kuondoka awe na watu wanaomfahamu.