Kustrimu gemu maana yake nini, na inahusiana vipi na vita vya konsoli

Kwanza tuondoe mkanganyiko, maana wengi wakisikia kustrimu gemu wanafikiria yule anayecheza laivu YouTube au Twitch huku watu wanamwangalia. Siyo hiyo. Hapa tunaongelea gemu yenyewe kuendeshwa kwenye kompyuta ya kampuni iliyoko mbali huko, na wewe unaletewa picha tu. Ukibonyeza kitufe kwenye padi, kile kifaa cha kuchezea cha mkononi, ule mbonyezo unasafiri kwa intaneti mpaka kwenye hiyo kompyuta ya mbali, ndo inaitwa seva, seva inapiga hesabu zake, inachora picha mpya, inaibana kama video, inakurushia, TV au simu yako inaifungua, ndo unaona mtu wako karuka. Na hiyo safari inarudiwa kwa kila kitufe unachogusa, saa nzima, mechi nzima.

Pia usichanganye na usajili. Kulipia kila mwezi halafu ukapakua gemu ikakaa kwenye diski ya konsoli yako, hiyo siyo kustrimu, intaneti ikikata gemu nyingi za kucheza peke yako bado utaendelea nazo. Kwenye kustrimu hakuna kinachokaa kwako. Game Pass ya Microsoft na PlayStation Plus ya Sony kwenye vifurushi vyao vya juu wanakupa vyote viwili ndo maana watu wanaviona ni kitu kimoja.

Sasa vita vya konsoli vinaingiaje hapo. Hilo ni jina la ule ushindani wa kampuni zinazouza mashine za gemu, ulianza kuwa mkali kweli miaka ya mwanzo ya 90 pale Sega na Nintendo walipokuwa wanatupiana maneno waziwazi kwenye matangazo. Sony aliingia kwa hasira, maana 1991 alikuwa ameshapanga na Nintendo kutengeneza mashine ya CD, Nintendo akamgeuka akaenda kwa Philips, Sony akaamua kufanya yake, PlayStation ikatoka Japani Desemba 1994. Mwaka uliofuata kule E3, yale maonyesho makubwa ya gemu ya Marekani, Sega akatangaza konsoli yake ya Saturn kwa dola 399, mtu wa Sony akapanda jukwaani akataja namba moja tu, 299, akashuka. Sega hakukaa sawa tena, na 2001 akaacha kabisa kutengeneza konsoli, mwaka huohuo Microsoft akaingia na Xbox.

Ila tukio ambalo mimi naona kila mtu anayetaka kuelewa kustrimu lazima alijue ni la 2013. Microsoft alikuja na Xbox One ikiwa na masharti: mashine lazima iguse intaneti angalau mara moja kila saa 24 la sivyo gemu hazifunguki, na diski uliyonunua huwezi kumuazima au kumuuzia mtu kama zamani, kuna vizuizi. Bei dola 499. Sony akasimama akasema PS4 ni dola 399, diski yako muazime unayetaka, cheza bila intaneti, ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Hazikupita hata wiki mbili Microsoft akafuta yale masharti yote. Yaani mashabiki walikuwa na mahali pengine pa kwenda, na huyo wa pili alikuwa anawasubiri mlangoni, basi. Watu wanaona vita vya konsoli ni ushabiki wa kitoto wa kubishana kwenye mitandao, na kweli upo mwingi, ila kwenye hiyo wiki vilimlinda mnunuzi kuliko sheria yoyote.

Na sasa angalia kustrimu. Bila intaneti huchezi hata sekunde moja. Huwezi kuazima, huwezi kuuza, hakuna diski wala faili. Yale yote tuliyoyakataa 2013 yamerudi tena yakiwa makali zaidi, ila safari hii yamekuja yamevaa nguo ya "huhitaji kununua mashine" na watu wanapiga makofi. Hilo ndo linaniuma.

Tuje kwenye lagi, yaani ule ucheleweshaji kati ya kubonyeza na kuona picha, kwa sababu ndo lawama ya kwanza utakayoisikia na wengi wanadhani ni tatizo la intaneti mbovu tu, ukiweka faiba limeisha. Siyo hivyo. Gemu ikienda kwa picha 60 kwa sekunde, kila picha ina kama milisekunde 16.7 tu. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva ikiwa kilomita 1,500 kutoka kwako, kwenda na kurudi tu ni milisekunde 15, na hapo waya umenyooka kama rula, jambo ambalo halipo. Bado hujaweka kubana video, kuifungua, rauta, waifai ya nyumbani. Hakuna kampuni yenye hela ya kuharakisha mwanga, wanachoweza ni kusogeza seva karibu na wewe, na seva zinasogezwa kule kwenye wateja wengi.

Mtu atauliza mbona filamu tunastrimu safi tu. Kwa sababu filamu imeshaisha kutengenezwa, programu inavuta dakika kadhaa za mbele inaziweka akiba, intaneti ikitetereka kidogo unaendelea kula akiba bila kujua. Gemu haina akiba! Picha inayofuata haipo bado, inategemea wewe utabonyeza nini, kwa hiyo mtandao ukikohoa tu unaona palepale, picha inakuwa vibox vibox, mlio unakatika, umeshapigwa. Na ukiniuliza mimi, lagi isiyotulia ni mbaya kuliko lagi kubwa, maana ile inayokaa palepale mkono unaizoea, ila ikiwa sasa hivi milisekunde 30 halafu 90 halafu 40 huwezi kuzoea chochote. Nimewahi kujaribu huduma moja kwenye gemu ya ngumi, siku nzima nazuia ngumi ambayo imeshanifika. Hiyohiyo huduma kwenye gemu ya kupanga jeshi kwa zamu nilicheza vizuri kabisa sikuona tofauti. Kwa hiyo aina ya gemu ina maana kubwa sana, mpira, ngumi, kufyatuliana risasi huko ndo utaumia.

Bando nalo. Strimu ya Mbps 10, yaani megabiti 10 kwa sekunde, inakula GB 4.5 kwa saa, ya Mbps 35 ambayo ndo Google walikuwa wanashauri kwa picha ya 4K kwenye huduma yao ya kustrimu, Stadia, inafika karibu GB 16 kwa saa. Gemu ya GB 60 ukiipakua unalipa mara moja umemaliza, ukiistrimu kwa ile Mbps 10 baada ya saa 14 hivi umeshapita hiyo GB 60 na hata nusu ya hadithi hujafika, na ukirudia mwakani unalipa upya.

Kuhusu umiliki mfano mzuri ni Stadia ya Google. Ilianza Novemba 2019 kwenye nchi 14, watu wakanunua gemu kwa bei kamili kabisa, si kukodi, na Januari 18, 2023 ikazimwa. Google alirudisha hela za gemu na za vifaa vilivyonunuliwa kwenye duka lake, hapo nampa haki yake, ila seivu za watu kwenye gemu nyingi zilipotea, na gemu kama Outcasters ambayo ilitengenezwa kwa Stadia peke yake ikapotea nayo, leo hakuna mahali popote unaweza kuicheza. Kabla yake huduma nyingine ya kustrimu, OnLive, ilianza 2010 ikafungwa 2015, hataza zake (haki za uvumbuzi) akanunua Sony. Hata ukiwa na gemu zako mwenyewe bado si salama, GeForce Now ya Nvidia inakuacha ucheze gemu ulizonunua kwingine lakini Februari 2020, siku chache tu baada ya kufunguliwa rasmi, Activision Blizzard, kampuni inayotengeneza gemu, aliondoa za kwake zote, kwa hiyo umenunua ila mwenye nayo kasema hapana.

Siyo kwamba haina faida. Kujaribu gemu dakika kumi kabla hujapakua GB 100, kucheza kwenye simu ukiwa safarini kama mtandao ni mzuri, hapo ni safi. Na gemu za PS3 hazichezeki kwenye PS5 kwa diski sababu prosesa yake ile ya Cell ni ngumu kuiiga, kwa hiyo Sony nyingi anazitoa kwa kustrimu tu, na huduma hiyo yenyewe haipo kila nchi.

Vita navyo vimehamia hukohuko. Microsoft alipotaka kumnunua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69, Uingereza ilizuia dili Aprili 2023 na sababu haikuwa konsoli, ilikuwa hofu kwamba atalishika soko la kustrimu peke yake. Dili lilipita Oktoba baada ya haki za kustrimu gemu hizo kupelekwa kwa kampuni nyingine ya gemu, Ubisoft.

Padi ambazo Google aliziuza kwa ajili ya Stadia lakini hazikufa. Siku moja kabla ya kuzima, Google alitoa programu ya kuziwashia Bluetooth, na mpaka leo wapo wanaozitumia kwenye kompyuta zao, kuchezea gemu walizopakua.