Kufagiwa kwa ruda: limpia ya Meksiko na mkono wangu uliobabuka

Mwaka wangu wa kwanza Puebla, mji wa Meksiko, nilitoka kufagiwa kwa majani asubuhi nikaenda sokoni kwa miguu, jua la saa sita likiwaka. Bibi aliyenifagia alikuwa ameniambia nikae ndani siku nzima, nisikoge na nisitoke juani. Nilidhani ni mwiko wa ibada tu, nikaitikia kwa adabu, nikaenda zangu. Siku ya pili mkono wa kulia ukaanza kuwasha. Siku ya tatu ukatoa malengelenge yaliyojipanga mistari mistari, palepale majani yalipopita. Mimi ni mfamasia, mimea dawa ndiyo kazi yangu. Nilipaswa kujua.

Majani yale yanaitwa ruda. Utomvu wake una kemikali za kundi la furanokumarini, na hizo zikikaa kwenye ngozi hazikudhuru mpaka mwanga wa jua uziguse. Hapo huunguza kama maji ya moto. Hata ndimu ikikukaukia mkononi juani inaweza kukufanyia hivyo. Bibi yule hakuwa na neno furanokumarini, ila alijua aliyefagiwa kwa ruda hatoki juani. Sisemi kila mwiko una kemia ndani yake. Huo wa kutokoga, kwa mfano, ulinizidishia tu, maana utomvu ulibaki mkononi. Lakini tangu siku ile, mganga akinipa sharti huuliza kwanza sababu yake kabla sijalidharau.

Wameksiko huita tiba hii limpia, yaani kusafisha, na kitendo chenyewe hukiita kufagia, kama unavyofagia uani. Mwenye kufagia ni curandera akiwa mwanamke, curandero akiwa mwanamume. Hushika fungu la majani mabichi: ruda, mrihani, rozmari, mara nyingi na matawi ya mti uitwao pirul. Hukupitishia kuanzia utosini, mabegani, mikononi, mpaka nyayoni, huku akisali. Pembeni kuna chetezo cha udongo chenye kaa la moto na kopali, utomvu mkavu wa kufukizia, inayofuka. Wengine hutumia yai bichi badala ya majani au pamoja nayo. Wakimaliza hulivunja kwenye bilauri ya maji na kusoma nyuzi na mapovu yanayopanda kutoka kwenye ute. Mimi yai silitetei. Ute wa yai ndani ya maji hutoa nyuzi hata kama halikupitishwa kwa mtu yeyote.

Ninachokitetea ni kile kinachotangulia majani. Wao hukiita plática, mazungumzo. Bibi yule alinikalisha karibu saa nzima akiniuliza nalalaje, nakula nini, nani nimegombana naye, nimefiwa na nani. Nilikuwa nimefiwa na mama miezi minne kabla, nikashindwa kurudi Tanga kumzika. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote pale chuoni. Kwenye dirisha la dawa mgonjwa wangu hupata dakika mbili akibahatika, na katika hizo moja naitumia kumwandikia kutwa mara tatu.

Ugonjwa unaowapeleka wengi kwa curandera unaitwa susto. Ni mshtuko, lakini kwao mshtuko haupiti tu. Mtu amegongwa na pikipiki, ameangukia mtoni, mtoto amerukiwa na mbwa. Baada ya hapo hali chakula, halali vizuri, amenyong'onyea. Kwa Wanahua, wenyeji wa nyanda za kati, kuna nguvu ya uhai yenye joto inayokaa kichwani, iitwayo tonalli. Mtu akishtuka sana humtoka na kubaki palepale aliposhtukia. Walizitambua mbili nyingine pia, moja moyoni na moja inini. Hiyo ya ini haikunishangaza. Sisi tunaosema maneno fulani yamenikata maini hatuko mbali nao.

Niliwahi kuona mtoto wa miaka kama sita akitibiwa susto, mvulana aliyerukiwa na mbwa. Walimlaza kwenye mkeka, wakamfunika shuka nyeupe gubigubi. Curandera akamfagia juu ya shuka, mara tatu, na kila mara akamwita kwa jina: njoo, usibaki huko. Mtoto alikuwa amefundishwa kuitikia, naja. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Ya pili ikatoka kidogo. Mara ya tatu aliitikia kwa nguvu, "Naja!", na mama yake aliyekuwa ameshika ncha ya shuka akaanza kulia. Jioni ile mtoto alikula maharage sahani nzima. Ni mtoto mmoja, na siwezi kujenga hoja ya sayansi juu yake. Ila niliona familia nzima imekusanyika kumwambia mtoto kwamba hofu yake ina jina na ina njia ya kutokea.

Kuitibu hofu huko ni jambo la zamani. Mwaka 1552, kwenye chuo cha Santa Cruz cha Tlatelolco, tabibu wa Kinahua Martín de la Cruz alitunga kitabu cha dawa za mimea, na Juan Badiano, naye mwenyeji, akakitafsiri kwa Kilatini. Kina michoro ya rangi ya mimea, na kati ya dawa za macho na za tumbo imo dawa ya hofu, na nyingine ya uchovu wa wale waliobeba kazi za utawala. Kitabu hicho kilikaa Ulaya kwa karne nyingi, na kilirudishwa Meksiko kutoka Vatikani mwaka 1990.

Watu wakisikia haya huniambia basi limpia ni ya Waazteki, haijaguswa. Sivyo. Ruda, mrihani na rozmari vililetwa na Wahispania, kuku naye vilevile, kwa hiyo na yai lake. Pirul ni mti wa Peru uliofika Meksiko karne ya 16. Ni uleule wenye matawi yanayoning'inia na punje nyekundu ambao Nairobi umepandwa kandokando ya barabara. Sala ni za Kikatoliki. La wenyeji ni kopali, utomvu wa miti ya jamii ya Bursera, na jina lake ni la Kinahuatl, lugha ya Wanahua: copalli.

Jina hilo limesafiri hadi kwetu. Wahispania walilichukua, Wazungu wengine wakaliazima kuita utomvu wowote unaofanana na huo, na karne ya 19 sandarusi yetu iliyochimbuliwa ardhini pwani ya Bara na kupakiwa Unguja ikauzwa Ulaya na Marekani kwa jina la kopali ya Zanzibar, ili itengenezwe vanishi. Miti yenyewe ni tofauti. Lakini nilipoinama juu ya kile chetezo Puebla, moshi ulinirudisha chumbani kwa bibi mzaa mama, Ijumaa jioni.

Sasa niseme kama mfamasia. Ruda haifai kunywewa na mwenye mimba hata kidogo. Inaweza kutoa mimba, na kwa kipimo kikubwa huharibu ini na figo. Baya zaidi ni unga ambao baadhi ya familia huwapa watoto wenye empacho, tumbo lililokwama chakula. Ule wa njano huitwa greta, ule wa rangi ya chungwa iliyoiva huitwa azarcón. Yote miwili ni madini ya risasi. Tangu miaka ya 1980 madaktari Marekani wameandika kuhusu watoto wa familia za Kimeksiko waliodhuriwa na sumu hiyo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na kilichoharibika hakirudi. Ukiishi huko na jirani akakuletea unga wa namna hiyo, mshukuru, kisha usimpe mtoto. Na mpigie jirani simu, umwambie sababu, kwa sababu na yeye ana watoto.

Mtu akitaka kujionea maduka yenyewe, soko la Sonora katika jiji la Meksiko, lililofunguliwa 1957, lina vichochoro vizima vya wauza majani. Nenda asubuhi, mafungu yakiwa bado na umande.

Ruda ninayo hapa Arusha, mche mmoja kwenye chungu mlangoni. Ninaikata jioni, jua likishazama, nikiwa nimevaa shati la mikono mirefu, na nikimaliza nanawa kwa sabuni mpaka viwikoni.