Dalili za kabla ya hedhi: je, ni za kurithi?

Siku chache kabla ya damu kuanza, matiti yanauma hata nguo ikiyagusa, tumbo limejaa, usingizi hauji, na neno dogo tu linamliza. Binti akimweleza mama yake, mara nyingi huambiwa, "Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, mwanangu." Mama hajakosea. Dalili hizi hurithiwa, ila kwa sehemu.

Mapacha ndio waliotufundisha hilo. Mapacha wa kufanana wana vinasaba vilevile, ilhali wasiofanana hushirikiana takriban nusu tu, kama ndugu wengine wa tumbo moja. Wote hukulia nyumba moja. Ilipoonekana kwamba wa kufanana hulingana zaidi katika dalili hizi, malezi peke yake hayakutosha kueleza. Makadirio mengi huupa urithi karibu nusu ya tofauti iliyopo kati ya wanawake. Hiyo nusu ni ya kundi zima, wala haina maana kwamba nusu ya maumivu yako yametoka kwa mama. Dada yako anaweza asisikie chochote.

Sasa, kinachorithiwa hasa ni nini? Wengi hudhani ni homoni kuzidi. Sivyo. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998, wanawake walizimiwa homoni za ovari kwa dawa, kisha wakarudishiwa estrojeni au projesteroni. Wale ambao dalili zao zilikuwa zimetulia kwa dawa, zikawarudia. Wanawake wasio na tatizo hili walipewa homoni hizohizo na hawakubadilika. Kwa hiyo tofauti imo katika jinsi mwili, hasa ubongo, unavyoyapokea mabadiliko ya kawaida.

Linaloniuma ni pale "ni ya ukoo" inapogeuka kuwa "vumilia". Hata kitu cha kurithi kinaweza kutibika. Andika kila siku, kwa miezi miwili, unavyojisikia na tarehe ya damu. Dalili zikipungua hedhi ikishaanza, na ukapata walau wiki moja ya nafuu, basi huenda ni hizi; zikikuandama mwezi mzima, pengine ni ugonjwa mwingine. Zikikufikisha mahali pa kutamani kufa, nenda hospitali leo, usisubiri daftari lijae. Na mama muulize zaidi ya "ulikuwa hivyo?" Muulize zilimwanza akiwa na umri gani, na nini kilimsaidia, kisha mwambie daktari.