Video ya HDR kwenye droni: anga isiungue, ardhi isizame kizani

Anayepiga video akiwa chini anaweza kugeuza kamera ili anga isiingie. Droni haina bahati hiyo. Mawingu yanayowaka na kivuli cha miti huwa katika fremu moja, na tofauti yao ya mwangaza inaweza kupita stopu 12. Kila stopu ni mwanga kuongezeka maradufu, kwa hiyo stopu 12 ni zaidi ya mara 4,000. Sensa ndogo ya droni, yaani kipande kinachopokea mwanga, inahangaika hapo.

HDR, yaani mbinu ya kuhifadhi penye mwanga mkali na penye kivuli kwa pamoja, huja kutatua hilo, ila hufanyika katika hatua mbili zisizofanana, na wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni kwenye sensa. Droni nyingi ndogo zina sensa za Quad Bayer, ambamo pikseli nne jirani huwa na rangi moja. Ukiwasha HDR, baadhi ya pikseli hizo hupokea mwanga kwa muda mrefu, nyingine kwa muda mfupi, kisha matokeo huunganishwa. Sensa ya megapikseli 48 inabaki na 12, ambazo bado zinatosha: fremu ya 4K inahitaji takriban 8.3. Tatizo ni vitu vinavyokwenda. Kwa kuwa muda wa mwanga umetofautiana, gari linalopita chini ya droni hutoka na kingo mbili, na povu la mawimbi huvurugika. Ndiyo maana mimi huizima HDR ya aina hii ninapofuata kitu chenye kasi.

Faili inayotoka hapo mara nyingi ni video ya kawaida tu, iliyobanwa ionekane kwenye skrini yoyote.

Hatua ya pili ni kwenye faili yenyewe, na hii ndiyo HDR kamili. Katika droni utaikuta kwa jina la HLG, mfumo uliobuniwa na BBC na NHK, shirika la utangazaji la Japani, kisha ukaingizwa pamoja na PQ, mfumo mwingine wa HDR, katika kiwango cha kimataifa cha ITU-R BT.2100 mwaka 2016. HLG hurekodiwa kwa biti 10, yaani ngazi 1,024 kwa kila rangi badala ya 256 za biti 8. Ngazi hizo ndizo zinazozuia michirizi kwenye anga ya machweo. D-Log, rangi iliyofifishwa ya droni za DJI, si HDR. Ni malighafi ya kuhariri, nayo inaweza kuishia HDR au video ya kawaida.

Kabla ya kurusha, chagua H.265 (mfumo wa kubana video), biti 10, HLG. Funga mizani ya weupe, shusha ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) hadi chini kabisa inayoruhusiwa. Kwa fremu 25 kwa sekunde, shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Kama mwanga unadai 1/800, filta ya ND16, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, hukata stopu nne na kukurudisha pale pale. Kitu cheupe cha kawaida, mfano ukuta uliopakwa chokaa, kikae karibu na asilimia 75 ya kipimo cha mwangaza wa video. Nafasi iliyo juu ya hapo iachie mng'ao wa maji na kingo za mawingu. Usiamini macho yako kwenye simu, maana picha inayorushwa kwako ni ya kuongozea tu. Tazama histogramu (grafu ya mwangaza) na mistari ya zebra inayoonyesha panapokaribia kuungua.

Kazi nyingi huharibikia kwenye kuhariri. Klipu ya HLG ikitupwa ndani ya mradi wa Rec.709, kiwango cha video ya kawaida, bila kugeuzwa hupauka. Mhariri anaongeza kontrasti na rangi kwa mkono, na pale penye mawingu panaungua upya. Weka mradi uwe Rec.2100 HLG (ndiyo BT.2100 ile ile) tangu mwanzo, au geuza klipu kwa kifaa cha programu kinachofahamu mifumo yote miwili.

Ukitoa faili, tumia H.265 Main 10, yaani ile ya biti 10, kisha ikague kwa ffprobe, programu inayosoma taarifa za faili ya video. color_primaries isome bt2020, color_transfer isome arib-std-b67, jina la HLG humo. Ikisoma bt709, skrini haitajua kuwa hiyo ni HDR hata kama ndani ya picha kila kitu kimo.

Na siku ya mawingu mazito, acha HLG kabisa kama video itatazamwa kwenye skrini za kawaida: tofauti ya mwangaza ni ndogo, na biti 10 za kawaida zinatosha.