Je, wajua kwa nini jina la chuma halitoshi kukuonyesha ubora wa kisu cha mfukoni?

Anayetafuta kisu cha kukunja kilicho bora, lakini ambacho bei yake haitamkomoa, hukutana mapema na herufi na tarakimu zilizochapwa ubavuni mwa bapa: 420HC, D2, 14C28N, S30V, M390. Hizo ni alama za aina ya chuma, na imeenea imani kwamba zimepangika kama vidato vya ngazi, kiasi kwamba anayepanda kidato kimoja hupata kisu kinachokata vizuri zaidi, na anayeshindwa kulipia hubaki na kisu butu. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, ila ukweli huo unahusu jambo dogo kuliko linalodhaniwa. Opinel namba 8, kisu cha Kifaransa chenye mpini wa mti ambacho ukoo wake ulianzia Savoie mwaka 1890, huuzwa kwa chini ya dola 30, na bado hupita katika kamba, boksi au embe kwa wepesi ambao visu kadhaa vya dola 200 havina.

Kinachochanganywa hapa ni mambo mawili: kukata, na kudumu katika kukata. Alama ya chuma huzungumzia zaidi hili la pili, yaani muda ambao makali yatakaa kabla ya kuhitaji kinoo. Namna kisu kinavyopenya kitu hutegemea kwanza umbo la bapa, hasa unene wake nyuma tu ya makali na pembe ambayo makali yenyewe yamenolewa. Bapa la Opinel hiyo halifiki milimita 2 mgongoni, tena huendelea kukonda hadi kwenye makali. Kisu chenye bapa nene la milimita 4, hata kikiwa kimenolewa hadi kinanyoa nywele za mkono, kitaingia karoti hadi katikati kisha kitaipasua badala ya kuikata, kwa kuwa mabega yake yanazisukuma pande mbili za karoti zitengane. Unene huo hauponywi na chuma cha jina lolote.

Wengine hukimbilia namba ya ugumu, ile inayoandikwa HRC. Kipimo hicho cha Rockwell, kilichopewa hataza Marekani mwaka 1919, hufanywa kwa kugandamiza koni ya almasi juu ya chuma na kuangalia imezama kiasi gani. Visu vingi vya kukunja huangukia kati ya 55 na 62. Victorinox ya Uswisi hubaki karibu na 56, namba ambayo mpenda visu huitazama kwa dharau kidogo, lakini kuna faida ndani yake: makali ya ugumu huo yakikwaruzana na kitu kigumu hupinda kuliko kumeguka, na hurudishwa sawa kwa dakika chache za kunoa. Namba moja ya ugumu, zaidi ya hayo, inaweza kubebwa na vyuma viwili ambavyo ndani yake havifanani hata kidogo.

Ili kuelewa tofauti hiyo ya ndani, fikiria zege. Sehemu kubwa ya chuma cha kisu ni kama saruji iliyokauka, na ndani yake zimetapakaa punje ngumu sana ziitwazo kabaidi, ambazo hutokea kaboni inaposhikana na metali kama kromi au vanadi. Punje hizo ndizo kokoto. Zege lenye kokoto nyingi na ngumu halilikwi upesi na msuguano, na ndiyo sababu S30V na M390, ambazo kila moja ina takriban asilimia 4 ya vanadi, hudumu na makali kwa muda mrefu. Lakini jaribu kufinyanga zege lenye kokoto kubwa liwe na ukingo mwembamba kama karatasi: kokoto zitachomoza pembeni, zitang'oka, na ukingo utabaki na mapengo. D2, chuma kinachopendwa sana katika visu vya bei nafuu, kina kokoto za namna hiyo kinapotengenezwa kwa njia ya kawaida. Waundaji wa S30V na M390 hulikwepa tatizo hilo kwa kukirusha chuma kilichoyeyuka kiwe unga, kisha kuushindilia unga huo kwa joto na shinikizo kubwa, ili kokoto ziwe ndogo na zisambae sawasawa. Gharama ya kazi hiyo iko ndani ya bei unayolipa. Chuma cha 14C28N cha Uswidi kimefuata njia nyingine: kaboni ya takriban asilimia 0.6 tu, naitrojeni kidogo, na kabaidi ndogo chache, hivyo hakidumu kama M390 lakini hukubali makali membamba sana bila kumeguka.

Zege hilohilo likiachwa bila kumwagiliwa maji linapokauka huwa dhaifu, hata kama mchanganyiko wake ulikuwa bora. Kwa chuma, kazi hiyo hufanywa na moto: bapa hupashwa hadi karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi au zaidi, hupozwa ghafla, kisha hupashwa tena kwa upole. Buck 110 ya Marekani, iliyotoka mwaka 1964, ni ushahidi mzuri. Chuma chake cha leo, 420HC, kimo chini kabisa katika orodha za mashabiki, lakini utaratibu wa moto uliowekwa na bingwa wa kazi hiyo, Paul Bos, ulikipa sifa ambayo 420HC ya watengenezaji wengine haina.

Kuna mashine ya maabara inayopima udumu wa makali kwa kukata karatasi yenye chembechembe za silika, na vipimo vilivyochapishwa na Larrin Thomas, mtaalamu wa metali aliyebuni chuma cha MagnaCut mwaka 2021, vinaonyesha kwamba kupunguza pembe ya makali huongeza sana udumu huo, wakati mwingine kuliko kubadili chuma. Ni vema matokeo hayo yasomwe kwa hadhari, kwa sababu silika husaga makali kama msasa, ilhali kisu cha mfukoni huharibiwa pia na mfupa, sahani, asidi ya ndimu na kutu.

Kutu nayo ina kioja chake. Chuma huhesabiwa kuwa hakishiki kutu kikiwa na kromi kuanzia asilimia 10.5, na D2 ina karibu 12, lakini hushika madoa, kwa kuwa sehemu kubwa ya kromi hiyo imefungiwa ndani ya kabaidi na haiwezi kulinda uso wa bapa. Kwa mkazi wa Tanga au Lamu, penye hewa ya chumvi, ningependekeza 14C28N kabla ya D2.

Kati ya dola 40 na 80 yamo mengi ya kuchagua, hasa kutoka Yangjiang nchini China, mji wenye viwanda vingi vya visu. Angalia bapa kwa upande wa ncha uone linavyokonda. Likunjue, kifungio kinacholizuia lisijikunje kikishika ulitikise: lisicheze. Usinunue kwa ajili ya mpini wa titani. Katika viwanja vingi vya ndege kisu hakipiti katika mzigo wa mkononi, na Uingereza huruhusu kubebwa hadharani bila sababu maalumu kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, ilimradi hakina kifungio.

Unapompelekea fundi wa kunoa kisu chako, mwombe asitumie jiwe kavu la umeme. Upashaji wa mwisho wa kiwandani mara nyingi hufanyika karibu na nyuzi 200 tu, na ukingo mwembamba unaotoa cheche huweza kupita joto hilo kwa muda mfupi sana. Hapo makali hulegea, na hata ya M390 hupoteza sehemu ya ubora wake. Kinoo cha maji kinatosha, isipokuwa kwa vyuma vyenye vanadi nyingi, ambavyo kabaidi zake ni ngumu kuliko mawe mengi na huhitaji bamba la almasi.